Kutengeneza hedifoni za kuzima kelele: LMS ni mistari mitano tu, kazi yote iko kati ya spika na sikio

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nyuzi za hedifoni humu zipo nyingi, ila karibu zote ni za "ninunue ipi kwa laki moja". Huu si huo. Huu ni wa wanaotaka kujua ndani kunafanyika nini, hasa vijana wa hapa Dodoma ninaowaona wakihangaika na vibodi vyao. Wamepakua programu ya LMS (algorithimu inayojirekebisha yenyewe ili kupunguza kelele), wamefunga maiki na spika, wamewasha, na badala ya kelele kupungua kinatoka kipyenga cha kutoboa sikio. Wanahamia algorithimu nyingine yenye jina refu zaidi. Kipyenga kiko palepale.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kubishana aanze kujipanga: algorithimu mnayoilaumu haina shida. Hamjapima njia ambayo sauti inapita kutoka kwenye spika hadi kwenye maiki ya ndani, na hamjapiga hesabu ya muda. Mkishafanya hayo mawili, LMS ileile, ikiongezewa badiliko dogo moja, itawatosha.

Wazo la kuua sauti kwa sauti si la jana. Hataza ya Marekani ya Mjerumani Paul Lueg ilitoka 1936: chukua wimbi, tengeneza jingine lililo kinyume chake, yakikutana yanafutana. Kwenye karatasi imekwisha hiyo. Kwenye vifaa ilichukua miongo, maana elektroniki za wakati ule hazikuweza kufuata sauti kwa usahihi unaotakiwa. Hedifoni za namna hii za kampuni ya Bose zilianza kuuzwa kwa marubani 1989, zaidi ya miaka hamsini baada ya ile hataza.

Usahihi unaotakiwa ni upi? Tuseme wimbi lako la kinyume lina ukubwa sawasawa na kelele, ila fezi (mahali wimbi lilipo kwenye mzunguko wake) imekosea digrii 5. Masalia yanayobaki ni kama asilimia 9 ya kelele ya mwanzo, yaani umepunguza desibeli 21. Safi sana. Ikikosea digrii 60, masalia yanalingana na kelele yenyewe: umechoma betri bure. Ukivuka 60 unaiongeza kelele, na ukifika 180 umeipandisha desibeli 6. Iandikeni mahali hiyo 60, tutairudia.

Upande wa ukubwa nao hausamehe. Maiki ikitofautiana na mwenzake kwa desibeli 1 tu, hata fezi ikiwa kamilifu huvuki desibeli 18 au 19 za kupunguza.

Sasa kwa nini hedifoni hizi zinazima ngurumo lakini sauti ya mtu anayeongea inapita? Urefu wa wimbi. Hezi 100 ni wimbi la karibu mita 3.4, ukichelewa kidogo hujapotea sana ndani yake. Hezi 5,000 ni sentimita 7 tu, hapo kuchelewa kidogo ni kukosea kabisa. Bahati nzuri zile sauti kali za juu zinazuiwa na mto wenyewe wa hedifoni, sponji na ngozi yake. Kwa hiyo kazi imegawanyika: mto unashika juu, filta (ile hesabu inayotengeneza wimbi la kinyume) inashika chini, mpaka uko maeneo ya hezi 1,000. Ukiwa na mto mbovu, hakuna filta itakayokuokoa.

Naweka nafasi ya maswali, halafu naendelea.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Mkuu shusha nondo, tumekaa mkao wa kula. Mimi ni mmoja wa hao wa kipyenga 😂 Nina maiki moja nje ya kikombe, moja ndani karibu na sikio, na spika. Nafuata fomula ya LMS kama ilivyo. Namba za filta zinapanda, zinapanda, kisha kelele inalipuka. Nimepunguza mu, ile namba ya ukubwa wa hatua, hadi karibu na sifuri, sasa hailipuki haraka ila inalipuka tu.

Mleta uzi

Asante, umenirahisishia. Hiyo "inalipuka tu hata mu ikiwa ndogo" ndiyo dalili yenyewe.

Tuwekane sawa kwanza. Maiki ya nje inasikia kelele kabla haijaingia. Hiyo ni x. Filta inachukua sampuli za karibuni za x (vipimo vya sauti vinavyochukuliwa maelfu ya mara kwa sekunde), inazidisha kila moja na namba yake, w, inajumlisha, inatoa y ya kwenda kwenye spika. Maiki ya ndani inasikia kilichobaki baada ya kelele na sauti ya spika kukutana. Hiyo ni e. LMS ya Widrow na Hoff, ya mwaka 1960, inasema: kila sampuli ikipita, sogeza kila w kidogo kuelekea upande unaopunguza e. Kwa maandishi:

w mpya = w ya zamani − mu × e × x

Basi. Ndiyo ile mistari mitano ya programu.

Angalia kilichofichwa hapo. Fomula inadhani y ukiitoa tu, inafika kwenye e papo hapo na bila kubadilika. Kwako haifiki hivyo. Inapita kwenye kibadilishaji cha dijitali kwenda analogi, inapita ampea, inapita spika ambayo ina tabia zake, inapita hewa ya ndani ya kikombe, inaingia maiki ya ndani, inapita kibadilishaji kingine na filta zake. Msafara wote huo tuuite njia ya pili. (Njia ya kwanza ni ile ya kelele yenyewe kutoka nje hadi ndani.) Njia ya pili inachelewesha na inageuza fezi, na kila masafa yanageuzwa kwa kiasi chake.

Matokeo yake: filta inasikia e ya sasa, inailinganisha na x ya sasa, wakati kosa hilo limesababishwa na x ya kitambo. Kwenye masafa ambayo njia ya pili imegeuza fezi zaidi ya digrii 90, kila hatua ya "kupunguza" inakuwa ya kuongeza. Mu ndogo inakupeleka shimoni polepole, ila shimoni utafika.

Dawa ni FxLMS. Ilitoka miaka ya 1980 mwanzoni, Morgan na Burgess ndio majina mtakayokutana nayo. Kabla ya kutumia x kwenye fomula ya kusogeza namba, unaipitisha kwanza kwenye nakala ya njia ya pili uliyoipima. Ukishafanya hivyo x na e vinakuwa vimecheleweshwa sawa, vinazungumzia jambo lilelile. Badiliko ni hilo moja tu:

w mpya = w ya zamani − mu × e × x iliyochujwa

Na hapa kuna habari njema inayosahaulika: nakala haihitaji kuwa kamilifu. Mradi kosa la fezi la nakala liko chini ya digrii 90 kwenye kila masafa yenye nguvu, na unaenda taratibu, filta itafika. Ukubwa ukikosewa unaathiri mwendo tu. Kwa hiyo msiogope kupima, hata kipimo cha wastani kinafanya kazi.

Namna ya kupima: vaa hedifoni, kaa sehemu tulivu, toa kelele nyeupe (mvumo wenye masafa yote kwa usawa) kwenye spika kwa sekunde chache, rekodi kinachosikika maiki ya ndani. Kisha tumia LMS ileile ya kawaida kutafuta filta inayogeuza ulichotoa kuwa ulichorekodi. Hapo LMS ya kawaida inaruhusiwa, maana hakuna njia nyingine katikati. Filta utakayoipata ndiyo nakala yako.

Muhimu: vaa. Usipime hedifoni ikiwa mezani. Kikombe kilichoachwa wazi na kikombe kilichobana sikio ni vifaa viwili tofauti.

Mdau wa Kizota

Hapo kwenye kuvaa nina swali. Mke wangu anavaa ushungi, mimi navaa miwani maana vumbi la hapa mnalijua. Hiyo nakala si itabadilika kila mtu akivaa?

Mleta uzi

Inabadilika, na pakubwa. Miwani inaacha upenyo pale mkono wake unapopita chini ya mto. Kitambaa kinaacha upenyo mzunguko mzima. Upenyo huo unavujisha besi: spika inasukuma hewa, hewa inatoka pembeni, shinikizo halijengeki. Na besi ndiyo eneo ambalo filta ilikuwa ifanye kazi! Papo hapo kelele ya nje nayo inaingia kwa urahisi zaidi. Umepigwa pande zote mbili.

Hii ndiyo sababu halali ya kutaka filta inayojirekebisha. Watu wanadhani inajirekebisha ili kufuata kelele: mara feni, mara basi. Kufuata kelele ni faida ndogo. Njia ya kwanza ya kikombe kikishavaliwa haibadiliki sana feni ikigeuka basi, ingawa mwelekeo wa sauti unaigusa kiasi. Kinachobadilika sana ni kichwa: nywele, ushungi, miwani, umbo la sikio, namna ulivyokaza.

Ushauri wangu: pima njia ya pili kwenye vichwa tofauti. Mwenye rasta, mwenye kipara, mwenye ushungi, mwenye miwani. Chora fezi zote kwenye grafu moja. Kama zote ziko ndani ya digrii 90 kutoka mstari wa katikati, tumia huo mstari kwa wote. Pale fezi zinapotawanyika, masafa hayo usiyaguse. Weka filta inayozuia marekebisho huko.

Fundi wa Majengo

Mleta uzi unajua, sibishi. Ila nimefungua hedifoni nyingi mezani kwangu, za bei kali na za mchina. Nikuambie ukweli, nyingi hazina hiyo LMS unayoisifia. Zina filta iliyotiwa kiwandani, haibadiliki, basi. Na zinafanya kazi. Sasa kwa nini kijana apoteze muda na FxLMS?

Mleta uzi

Fundi, sina pa kukubishia. Nyingi zina filta zisizobadilika, vichujio vidogovidogo vilivyopangwa mfululizo, na kiwandani wanarekebisha ukubwa wa kila maiki kwa kila kifaa kwa sababu ya ile hesabu ya desibeli 1. Zinazojirekebisha mara nyingi zinafanya polepole: zinachagua kati ya seti zilizoandaliwa, au zinasogeza ukubwa kidogo kufuatana na maiki ya ndani inavyosikia.

Sababu mbili. Usalama kwanza: filta isiyobadilika ukishaihakiki hailipuki sikioni mwa mteja. Pili ni betri. Chukua FxLMS yenye namba 256 kwa kasi ya kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Kuchuja peke yake ni kuzidisha zaidi ya mara milioni 12 kwa sekunde. Kusogeza namba, milioni 12 nyingine. Kupitisha x kwenye nakala yenye namba 128, milioni 6. Hiyo ni kwa sikio moja. Bodi ya mezani haitetereki, betri ndogo ya kikombe italalamika.

Ila kwa kijana, nitamwambia hivi: FxLMS iendeshe kwenye kompyuta, iache itafute filta bora, kisha ile filta iliyopatikana uigandishe uiweke kwenye kifaa. Hata viwandani filta isiyobadilika haikushuka kutoka mbinguni, kuna hesabu iliyoitafuta. Marekebisho ya moja kwa moja utayaongeza baadaye, taratibu.

Ngoja nimalize lile la pili nililoahidi, muda.

Sauti kwenye hewa ya nyuzi joto 20 inakwenda mita 343 kwa sekunde. Maiki ya nje ikiwa sentimita 2 mbele ya spika, sauti inatumia maikrosekunde 58 kufika. Kwa kilohezi 48, sampuli moja ni maikrosekunde 21 hivi. Kwa hiyo una nafasi ya sampuli 2, ukijibana sana 3, za kusikia, kufikiri na kutoa jibu. Ukichelewa, kelele imeshapita na filta inatakiwa kubashiri.

Sasa njoo kwenye bodi. Teensy 4 wanayoipenda wengi ni nzuri, lakini maktaba yake ya sauti inakusanya sampuli 128 ndipo inafanya kazi. Kwa kilohezi 44.1 hizo ni milisekunde 2.9. Katika muda huo sauti imetembea mita moja! Yaani ili mfumo wako uwe na nafasi ya kujibu, maiki ya nje ingebidi ikae umbali wa mita nzima kutoka kichwani. Na hapo sijagusa chipu ya sauti, ambayo kwa kawaida ina filta zake za ndani zinazochelewesha sampuli kadhaa, nyingine hadi makumi.

Rudi kwenye digrii 60. Kuchelewa kwa sampuli moja tu ya kilohezi 48 ni digrii 0.75 kwenye hezi 100: hakuna neno. Kwenye hezi 1,000 ni digrii 7.5, na kikomo chako kinakuwa karibu desibeli 18. Kwenye hezi 8,000 ni digrii 60 kamili. Sampuli moja! Ndiyo maana chipu zinazotengenezwa mahsusi kwa kazi hii zinakimbiza njia ya kuzima kelele kwa kasi kubwa mno, mfano ADAU1787 inafika kilohezi 768, huku muziki ukienda kwa kasi yake ya kawaida pembeni.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Duh. Sasa mkuu Teensy yangu niitupe? Na swali la pili, hapa Dodoma tuko juu zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi. Haiharibu hizo hesabu za mwendo wa sauti?

Mleta uzi

Naanza na la pili maana ni fupi. Mwendo wa sauti hewani unafuata joto, hautegemei mwinuko wenyewe. Asubuhi ya baridi ya Julai, nyuzi 15, ni kama mita 340 kwa sekunde. Mchana wa Oktoba nyuzi 32, mita 350. Kwenye sentimita 2 tofauti hiyo haifiki maikrosekunde 2. Sahau. Wepesi wa hewa unaigusa spika kidogo, ila nakala yako umeipimia hapahapa, kwa hiyo imo tayari.

Teensy usitupe. Kuna mambo mawili ya kufanya nayo. Moja, achana na ile maktaba, soma sampuli mojamoja moja kwa moja. Kazi ngumu kidogo lakini inawezekana. Pili, kama unabaki na maktaba, chagua kelele inayobashirika. Mlio wa mzunguko, kama wa jenereta, unajirudia. Ukichelewa milisekunde 3, filta inatumia mzunguko uliopita kujua unaokuja. Hapo kuchelewa si kifo. Kelele za kubahatisha, kama mvumo wa upepo au watu sokoni, ndizo zisizosamehe.

Mdau wa Kibaigwa

Nimesoma mwanzo mwisho ingawa fizikia niliiacha sekondari. Mimi nina mashine ya kusaga hapa Kibaigwa. Kijana wangu anasimama pale kutwa nzima, jioni ukimwita hasikii mara ya kwanza. Hizi hedifoni zinaweza kumsaidia?

Mleta uzi

Mkuu, kwako nitatoka kidogo nje ya uhandisi. Usimpe hedifoni za muziki. Mpe vizuia sauti vya kazini, vile vya kufunika sikio zima vinavyouzwa maduka ya vifaa vya usalama, leo kama inawezekana. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Ikipanda desibeli 3, muda salama unagawanywa nusu kwa mapendekezo ya taasisi ya NIOSH ya Marekani. Kama mtu akisimama hatua moja kutoka kwako inabidi upaze sauti akusikie, mashine imeshafika huko. Na hiyo ya kutosikia jioni usiiache, apelekwe akapimwe masikio.

Kwa nini si hedifoni za kuzima kelele? Kaspika kadogo ndani ya kikombe kana mwisho wake. Kelele ya chini ikiwa kubwa kupita uwezo wake, kanaanza kukoroma, na filta inayojirekebisha inachanganyikiwa inavyosikia makoromeo hayo kama kosa jipya. Tena nyingi zina mito myepesi, na kelele za juu za nyundo kupiga mahindi zinazuiwa na mto, si na filta.

Lakini kwa upande wa uhandisi mashine yako ni darasa zuri mno. Mota ya mizunguko 2,900 kwa dakika ni hezi 48 hivi. Ikiwa imefungwa moja kwa moja kwenye rota yenye safu nne za nyundo, unapata mlio mkubwa karibu na hezi 193, na vizidishi vyake. Hizo ni sauti chache zinazojulikana. Kwa kelele ya namna hii huhitaji hata maiki ya nje: unafunga kihisi kwenye shafti kinachohesabu mizunguko, kompyuta inatengeneza yenyewe wimbi la sini na kosini la kila mlio, na filta inabaki na namba mbili tu kwa kila mlio. Mbili! Njia ya pili nayo inakuwa ukubwa mmoja na fezi moja kwa kila masafa.

Na kihisi kinatatua jambo ambalo maiki ingehangaika nalo. Ukimwaga debe la mahindi mota inaelemewa, mizunguko inashuka, mlio unateleza. Kihisi kinaona papo hapo.

Dereva wa Nanenane

Mimi ni mtumiaji tu jamani. Nina za mchina za elfu thelathini na tano. Ndani ya basi poa. Nikishuka stendi, upepo wa Dodoma ukinipiga, zinatoa mvumo mkubwa kuliko nikizizima kabisa. Mbovu au?

Fundi wa Majengo

Si mbovu. Zote za bei hiyo ziko hivyo.

Mleta uzi

Fundi kamaliza. Naongeza sababu tu.

Upepo ukipiga tundu la maiki ya nje unafanya vurugu ya hewa palepale kwenye tundu. Maiki inaiona kama kelele kubwa. Lakini vurugu hiyo haikuwa inakuja sikioni. Ni ya pale mlangoni. Filta haijui, inatengeneza kinyume chake na kuipeleka sikioni. Hakuna cha kufutana nacho, kwa hiyo unasikia hicho kinyume chenyewe. Unasikilizishwa upepo ambao ungeukwepa.

Kuna kipimo cha hili, kinaitwa kohirensi, kati ya 0 na 1: kiasi gani cha maiki ya ndani kinaelezeka kwa maiki ya nje. Ikiwa 0.99, filta bora kuliko zote duniani itafika desibeli 20. Ikiwa 0.9, desibeli 10. Ikiwa 0.5, desibeli 3, bora ulale. Kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu, rekodi maiki zote mbili kwa pamoja na pima hii. Itakuambia kama kuna kitu cha kutafuta. Nashangaa jinsi inavyorukwa.

Hedifoni nyingi za bei kali zina maiki mbili nje kila upande. Sauti halisi inafika kwenye zote ikifanana. Vurugu za upepo hazifanani. Zikiona hazifanani, zinapunguza maiki ya nje na kubaki na ya ndani.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Kubaki na ya ndani pekee kunawezekana? Si haina taarifa ya mapema?

Mleta uzi

Inawezekana, ndiyo mfumo wa kurudisha. Spika inajibu kile maiki ya ndani inachosikia, mduara unaofungwa. Hauhitaji maiki ya nje, na unajali kidogo zaidi hali halisi ya sikio lako. Ila una sheria ngumu ya Bode: ni kama gunia la unga lililojaa, ukilibonyeza hapa linavimba kule. Ukipunguza sana hezi 100, kuna mahali juu, mara nyingi hezi elfu moja na kitu, patapanda. Ule mvumo mwembamba wa "sss" unaousikia ukiwasha hedifoni chumba kikiwa kimya, sehemu yake inatoka hapo, sehemu nyingine ni kelele ya maiki zenyewe.

Hedifoni nyingi nzuri zinachanganya: maiki ya nje kwa eneo pana, ya ndani kwa besi. Ukichanganya kumbuka kwamba mduara wa ndani unaibadilisha njia ya pili. Nakala uliyopima mduara ukiwa umezimwa haifai ukiwashwa. Pima upya.

Na muziki! Maiki ya ndani inausikia muziki pia. Usipoutoa, filta itajaribu kuua wimbo wako. Unaupitisha muziki kwenye nakala ileile ya njia ya pili, unaondoa matokeo kutoka e, ndipo unarekebisha. Unaona nakala hiyo inavyorudi kila kona.

Mdau wa Kizota

Nilipanda SGR kwenda Dar, zangu zilizima mvumo wote wa behewa ila mtoto wa kiti cha nyuma alilia Morogoro hadi Pugu nikamsikia kila neno 😂

Mleta uzi

Pole sana. Kilio cha mtoto kina nguvu nyingi juu ya hezi 1,000 na kinabadilika kila sekunde. Huyo ni wa mto, au wa biskuti.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Wakuu mrejesho. Nimepima njia ya pili kama ulivyosema, nimevaa. Nimetumia x iliyochujwa, nimeacha maktaba, nasoma sampuli mojamoja. Feni ya chumbani inapungua, nasikia kabisa! Kipyenga hakuna. Ila nikikigusa kikombe, au nikitafuna karanga, namba zinaruka na inachukua muda kutulia. Mara mbili ilianza kukoroma.

Mleta uzi

Hongera sana kijana, umevuka mto mkubwa.

Ukigusa kikombe kuna pigo kubwa kwenye x na e kwa pamoja, na hatua ya kusogeza namba inakuwa kubwa kupita kiasi. Gawanya mu kwa nguvu ya x iliyochujwa ya muda huo, hiyo ndiyo NLMS. Pigo likija, kigawanyo kinapanda, hatua inapungua yenyewe. Weka na kanamba kadogo chini ya mgawanyo ili chumba kikiwa kimya kabisa usigawanye kwa sifuri.

Kutafuna ni kingine. Sauti ya taya inapita mfupani, inafika maiki ya ndani bila kupita ya nje. Kwa filta ni kosa lisilo na mwenyewe. Suluhisho rahisi: e ikipanda ghafla huku x haijapanda, simamisha marekebisho, acha filta iendelee na namba za mwisho. Usiizime, igandishe tu.

Kukoroma kwa baada ya muda, weka uvujaji: kabla ya kila hatua zidisha kila w kwa 0.9999 au hapo karibu. Namba ambazo hakuna kelele inayozishikilia zinarudi sifuri taratibu badala ya kuzurura. Unapoteza desibeli kidogo za ubora, unapata usingizi. Na weka kikomo kwenye y, spika isipewe zaidi ya inachoweza.

Halafu niambie: maiki yako ya nje umeiweka wapi? Kama iko nyuma ya tundu la kupumulia la spika, sauti ya spika inairudia, na hilo ni tatizo jingine.

Mwanafunzi wa Ng'ong'ona

Iko sentimita moja kutoka kwenye hilo tundu mkuu 🙈

Mleta uzi

Ihamishe mbele, upande wa uso, mbali na tundu kadiri kikombe kinavyoruhusu. Pima tena njia ya pili, na safari hii rekodi pia kinachosikika kwenye maiki ya nje wakati spika inatoa kelele nyeupe. Tupia mafaili yote mawili hapa, kesho jioni nikitoka kazini nitayachora.